Beberu Mwekundu wa Kaka Mulei

Nyumbani Kilungu,
S.L.P. 41,
Nunguni.

18 Agosti 1987

Mpendwa Kaka Mulei,

Pokea salamu kutoka huku milimani, ambako baridi ya mwezi huu imetufukuza uani na kutuweka jikoni. U hali gani huko Mombasa? Mama anauliza kama mgongo umepoa, na kama unakula chakula cha maana au unashindia chai na mahamri. Baba ni mzima isipokuwa goti. Mama ni mzima. Mimi nimefunga shule salama. Maparachichi yamezaa mpaka matawi yanainama, na mengine tumeyaacha kwa ndege.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia kwamba barua ya kirafiki haianzi na ugomvi. Nimemtii. Salamu zimekwisha.

Nina hasira na wewe, Kaka. Nimengoja ipungue ndipo niandike, lakini kila nikimwona dada yetu Mumbua ameketi nyuma ya jiko akipukuchua mahindi ambayo hakuna aliyemwomba apukuchue, inarudi ikiwa mpya.

Siku uliyomleta nyumbani mimi nilikuwa shuleni, kwa hiyo habari nimeipata kwa vipande, kimoja kwa Mama, kingine kwake mwenyewe. Nitakueleza nilivyoelewa. Ukiona nimekosea, unirekebishe.

Ulipanda basi Mombasa ukapita njia panda ya Salama bila kushuka. Baba na Mama wako hapo juu kilimani, mwendo wa kupanda na kupumzika, nawe ukapita kama mtu anayepita kituo cha polisi. Ukaenda moja kwa moja hadi Nairobi, ukaingia ofisini kwao bila kubisha, wakati Mumbua na wenzake wako mbele ya kompyuta.

“Mumbua! Beba vitu vyako.”

“Kaka? Umefikaje huku? Kuna msiba?”

“Msiba ni wewe.”

Bwana Evanson, anayewafundisha, alikuvutia kiti. “Bwana, keti kwanza. Hapa ni kazini, tuongee taratibu.”

Nawe ukamjibu, “Siketi na watu wanaomfundisha dada yangu kuhesabu uhai. Mbuzi wangu wamekwisha kwa sababu ya kidole chake.”

Basi wale wengine wakacheka. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, “Kumbe siku hizi hata wachawi wana digrii!” Mumbua aliniambia kwamba wewe ulimkasirikia yule kijana. Lakini Kaka, yeye alitoa maneno hayo mdomoni mwako, akayavisha mzaha tu.

Wewe ni mtu aliyeokoka. Kila saa ya chakula cha mchana unahubiri nje ya lango la kazini kwenu. Krismasi iliyopita ulimkemea Mama kwa sababu alisema tusihesabu vifaranga, wasije wakafa. Ulisema ni giza, ni mambo ya wazee wasiojua Neno. Mbuzi wakafa, na giza lile lile likageuka kuwa ushahidi wako.

Halafu ukamleta hapa, ukasimama mbele ya Baba ukatamka, “Mimi nikiwa hai, Mumbua hataingia ofisi ile tena.” Ukala ugali, ukashuka kilima, ukarudi kazini. Wewe unayo kazi ya kurudia.

Kwa kuwa hukuwahi kuuliza dada yako anafanya nini, bali unasema tu “ile ofisi ya kuhesabu”, nitakueleza mimi. Alipomaliza hesabu pale chuo kikuu, alingoja kupangiwa shule ya kufundisha, akangoja sana. Ndipo akaona tangazo gazetini kwamba shirika fulani linachukua waliomaliza chuo na kuwapa mafunzo ya mwaka mmoja. Wanajifunza kuwauliza watu maswali kwa njia inayofaa, kuyaandika majibu, kuyaingiza kwenye kompyuta, kisha kusoma yanayotoka. Anayemaliza vizuri anaajiriwa. Nilimuuliza data ni kitu gani hasa. Alisema ni majibu ya watu wengi yakikaa pamoja mpaka yaanze kusema jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelisema. Niliona ni maneno makubwa tu. Sasa sioni hivyo, na utajua sababu.

Huku kwetu umemwachia jina. Akina mama wa kanisa wamegawanyika. Upande mmoja unasema, “Digrii nzima ya kuhesabu mbuzi! Mbona kijana anayetuchungia huhesabu kila jioni na hakupita hata darasa la nne?” Upande wa pili haucheki. Jumapili iliyopita, mama mmoja alimwona Mumbua akija njiani akamvuta mtoto wake nyuma ya leso. Mumbua alisalimia. Mama yule aliitikia akiangalia mti. Hao ni watu waliokuwa wakimwimbia alipovaa joho.

Sasa nakuja kwenye mambo ya Kyuso, na naomba usome polepole.

Unajua Mumbua alipelekwa Kyuso mwezi wa Mei kwa sababu anajua Kikamba. Walitaka kujua mifugo imerudije baada ya ile njaa ya mwaka 1984. Alikaa kwa Mjomba Kiilu, ambako mbuzi wako wa mahari ya mchumba wako Nyawira walikuwa wakichungwa. Siku ya kwanza kabisa alikosea, na ameniruhusu nikuambie. Boma la kwanza aliloingia lilikuwa la Mzee Nzomo, jirani wa Mjomba. Alifanya kama walivyomfundisha darasani. Alisimama mlangoni mwa zizi, akanyoosha kidole, akahesabu mbuzi mmoja mmoja kwa sauti, kisha akamgeukia mzee: “Na watoto wako ni wangapi?”

Mzee Nzomo alichukua fimbo. “Wewe ni mtoto wa nani? Unaita kifo kwa kidole? Nenda ukaoshe mkono huo!”

Mumbua aliniambia aibu ile haikutokana na fimbo. Yeye ni Mkamba, amezaliwa na kulelewa hapa, na aliingia katika boma la Mkamba akiwa amejisahau kabisa, kana kwamba ameshushwa na ndege.

Jioni akajaribu kwa Mjomba, safari hii bila kidole. “Mjomba, mbuzi ni wangapi?”

“Mbuzi ni hao. Macho unayo.”

Mumbua akaliacha swali hilo. Baada ya muda akasema tu, “Yule mwenye sikio lililochanika, alitoka wapi?” Kaka, Mjomba alianza kuongea na uji ukapoa. Alisema alikotoka yule wa sikio, mama yake alikuwa nani, nani alimzaa yule wa madoa, nani alikohoa, nani aliuzwa, nani yuko kwa rafiki yake ng'ambo ya mto. Hakutaja idadi hata mara moja, wala hakuulizwa tena. Hapo ndipo Mumbua alipojua namna ya kufanya kazi yake. Tangu siku ile hakumuuliza mtu yeyote “wangapi”. Aliomba kusimuliwa, mbuzi mmoja baada ya mwingine, rangi na asili, naye akaandika. Bwana Evanson alipopata habari aliwaambia waliopelekwa wilaya nyingine waige.

Umeelewa nilichosema? Mbuzi wako hawakuhesabiwa. Mjomba alikataa. Waliohesabiwa kwa kidole ni wa Mzee Nzomo peke yao.

Mama ndiye aliyetutuma Kyuso juma lililopita, mimi na Mumbua, tumpelekee Mjomba maparachichi na pole ya mbuzi. Mumbua hakutaka kwenda. Mama akamwambia, “Utajificha jikoni kwangu mpaka uolewe na moshi?” Tukaenda.

Kyuso ni kukavu sasa, na zizi la Mjomba limebaki na samadi na mbuzi wawili waliokonda. Mjomba alitupokea vizuri. Mtu aliyekuwepo wakati mbuzi wanakufa hakumlaumu dada yako. Aliyemlaumu alikuwa Mombasa. Tulipoketi, Mumbua akamwomba amsimulie tena kama siku ile, lakini safari hii aanze na aliyekohoa kwanza.

Mjomba alijikuna kichwa. “Wa kwanza? Wa kwanza ni yule beberu mwekundu wa Mulei. Alipoletwa kutoka sokoni alikuwa akikohoa kidogo. Nikasema ni vumbi la barabara.”

Unamkumbuka, Kaka. Ulimnunua mwenyewe sokoni wakati wa Pasaka, ukapigwa naye picha umeshika pembe zake, ukatuma picha hiyo nyumbani tuitundike. Ipo hapa sebuleni, karibu na kalenda. Nimeitazama sana siku hizi. Nyote wawili mmeinua vichwa.

 Mumbua akauliza, “Mjomba, beberu yule alikuwa mzuri. Majirani hawakumtamani?”

“Hawakumtamani? Walipanga foleni! Kila mwenye jike aliyetaka kupandwa alimleta hapa. Wengine sikuwa naongea nao tangu njaa ile, wakaanza kuniita ndugu.”

Ndipo Mumbua akasimama. Karatasi zake ziko Nairobi, lakini mambo aliyosimuliwa hajayasahau. Alianza kutaja nyumba ambazo mbuzi wao walikohoa, moja baada ya nyingine, na kila alipotaja moja Mjomba alisema, “Ndiyo, hao walileta jike hapa.” Akataja nyumba ambazo mbuzi wao hawakukohoa. Mjomba akasema, “Hao, hapana.” Mpaka Mjomba akawa anajibu kwa kichwa tu.

Hakuna jirani aliyejua hivyo, Kaka. Kila mmoja aliona zizi lake. Hayo ndiyo yale maneno makubwa niliyokuambia.

Kesho yake tulipita nyumba hizo ili asitegemee kumbukumbu peke yake. Ya mwisho ilikuwa kwa Mzee Nzomo. Mimi niliogopa fimbo. Mbuzi wake walikuwa wamepanda juu ya ua, wanono, wanakula miba kana kwamba ni peremende.

Mzee alimtambua kwa mbali. “Eh! Msichana wa kidole! Umerudi kumalizia?”

“Nimerudi kukusalimu, Mzee, na kukuomba msamaha kwa siku ile. Naona wote wapo.”

“Wapo. Labda ulihesabu vibaya, kifo kikapotea njia.” Akacheka mwenyewe, akatupa viti.

“Mzee, wewe hukupeleka jike kwa yule beberu mwekundu wa kwa Kiilu?”

“Mimi? Nimpe Kiilu sababu ya kuniringia? Beberu wangu ana pembe moja lakini anajua kazi yake.”

Basi. Mbuzi waliohesabiwa kwa kidole na kwa sauti wanapanda ua. Mbuzi ambao hawakuhesabiwa walikufa, pamoja na wa kila nyumba iliyofikiwa na beberu wako. Ofisa wa mifugo aliyepita huko alimwambia Mjomba ni homa ya mapafu, na husambaa kwa pumzi, mbuzi kwa mbuzi. Wewe ndiye uliyeipeleka Kyuso, Kaka. Hukujua, na hakuna anayesema ulikusudia. Lakini Mumbua naye hakukusudia chochote, na hilo halikukuzuia kumtoa kazini mbele ya watu.

Majirani waliopoteza mbuzi sasa wanajua. Nilitazamia waje kwa Mjomba na hasira. Hawajaja. Mmoja alisema tu, “Tulimpenda kwa uzuri wake.” Nilitamani ungekuwepo usikie jinsi mtu anavyopata hasara bila kutafuta msichana wa kumbebesha.

Tuliporudi, Mumbua alimsimulia Baba yote, mimi nikiwa shahidi. Baba aliitazama ile picha yako ukutani kwa muda. Halafu akasema, “Nimeelewa.” Mumbua akangoja. Mimi nikangoja. Mama aliacha kuosha vyombo.

“Basi nirudi, Baba?”

“Mulei ametamka kwa uhai wake.”

Baba ni mzee wa kanisa, na nilitaka kumuuliza anaamini lipi. Lakini nilimtazama usoni nikaona si kiburi. Wewe ulisema “mimi nikiwa hai”. Neno kama hilo haliondolewi na mtu mwingine. Baba akimpeleka Mumbua Nairobi leo, ni kama amesema mbele yetu sote kwamba mwanawe wa kwanza amekufa. Hawezi. Angeweza kuwa amekosea katika mengine, lakini katika hilo sikuona namna ya kumlaumu. Alisema, “Aliyefunga fundo ndiye aje alifungue. Na asitume mtu.”

Niliuliza kama barua yako itatosha, ukiandika kwamba umeliondoa. Alisema alilisikia kwa masikio, hakulisoma.

Masomo yao yanaanza tena Jumatatu, tarehe 7 Septemba. Bwana Evanson ametuma ujumbe kupitia mwenzake Mumbua kwamba nafasi yake itamngoja mpaka asubuhi hiyo, kisha ataitwa mwingine, kwa sababu wanaoitaka ni wengi. Hakuuliza habari za uchawi. Aliuliza kama Mumbua anaweza kuwaonyesha wanafunzi wapya namna ya kuuliza bila kuuliza “wangapi”. Mumbua alisoma ujumbe huo, akaukunja, akarudi kwenye mahindi. Hakulia. Ningependelea alie.

Yeye hajui kwamba nakuandikia. Alinikataza. Alisema hawezi kukuomba kitu ambacho hukupaswa kumnyang'anya. Mimi pia sikuombi, Kaka. Nakuambia lililo deni la mdomo wako.

Nyawira sijamwambia neno. Mama alikutana naye sokoni Emali, naye Nyawira anakusalimu. Anaamini mbuzi wale waliuawa na dada yako, kwa kuwa ulimwambia hivyo, na tangu hapo amekuwa akimwombea Mumbua afunguliwe. Ni msichana mwema na maombi yake yanapotea bure. Ukweli ni wako kumwambia. Baba yake, Mzee Mathenge, ni mfanyabiashara, ameshaona mifugo ikifa. Nadhani atakungoja upate wengine. Mtu anayengojwa namna hiyo hakosi muda wa kuja Kilungu.

Kuhusu masomo yangu, mtihani wa muhula huu nilifanya vizuri katika hesabu, na mwalimu ameandika nisiiache. Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya, ukitumia machungwa, ukala yaliyobaki. Sijasahau, na ndiyo sababu nina hasira nyingi hivi. Ya mtu wa mbali isingedumu. Mumbua huniandikia maswali upande wa nyuma wa karatasi za zamani, nami huyafanya nikichunga chungu. Nikimaliza shule, na Mungu akinifikisha chuo kikuu, nitataka kufuata njia hii yake. Ningependa niikute wazi.

Mjomba Kiilu anakusalimu. Anasema ukinunua mbuzi tena umfunge pembeni kwanza, mbali na wengine, mpaka ajulikane pumzi yake. Mama anakusalimu na anakufumia sweta, ingawa amesema hatakutumia, utalichukua mwenyewe. Baba anakusalimu, hakuniambia nikuandikie hivyo, lakini jana aliuliza mabasi ya kutoka Mombasa siku hizi hupita Salama saa ngapi. Mumbua hakusalimu. Ila nguo zake za Nairobi amezifua, na nimemwona akizipiga pasi.

Mungu akulinde katika kazi yako na akupe uhai mrefu, kwa kuwa sasa uhai wako umebeba na wa mwingine. Mdomo ule ule uliofunga uje ufungue, mbele ya Baba, chini ya picha ile. Safari hii, Kaka, ukifika njia panda, shuka.

Ni mimi dada yako mdogo, ninayekupenda na nisiyekuogopa,

Ndinda